Jinsi ya Kupima Muwasho wa Macho kwa Konea ya Ng'ombe Badala ya Sungura Hai

Kemikali yoyote inayoweza kumrukia mtu usoni, iwe sabuni ya maji, dawa ya kuua wadudu au kiyeyusho cha kiwandani, inapaswa kujulikana mapema itafanya nini ikiingia jichoni. Kwa miaka mingi swali hilo lilijibiwa na sungura. Mwaka 1944 John Draize na wenzake katika Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani walieleza jaribio ambalo ndani yake mililita 0.1 ya kemikali hutiwa katika jicho moja la sungura, kisha jicho hilo huangaliwa kwa siku kadhaa, na katika miongozo ya baadaye hadi siku 21, huku ukungu, wekundu, uvimbe na majimaji yakipewa alama kwa macho ya mtazamaji. Jaribio hilo lina maumivu yasiyo na shaka. Pia lina udhaifu wa kisayansi: mwaka 1971 Weil na Scala walionyesha kwamba maabara tofauti zikipewa kemikali zilezile hutoa alama zinazopishana mno, na jicho la sungura lenyewe, lenye machozi machache na kigubiko cha tatu, si nakala ya jicho la mwanadamu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya jaribio mojawapo lililochukua nafasi hiyo, yaani jaribio la ukungu na upenyezaji wa konea (tabaka angavu la mbele ya jicho) ya ng'ombe, ambalo wanamaabara wengi hulitaja kwa kifupi chake BCOP. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lililipitisha mwaka 2009 kuwa Mwongozo wa Majaribio Namba 437, na limeurekebisha mara kadhaa tangu hapo. Nimelichagua kwa sababu moja ya wazi: macho yake hutoka kwa ng'ombe aliyekwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama, jicho ambalo vinginevyo lingetupwa. Hakuna mnyama anayeuawa kwa ajili ya jaribio, na maabara iliyo karibu na machinjio makubwa inaweza kulifanya bila kusubiri tishu hai zisafirishwe kutoka ng'ambo.

Kabla ya kugusa jicho lolote, pima pH ya kemikali yenyewe na usome yaliyokwisha kuandikwa kuihusu. Kemikali yenye pH ya 2 au chini yake, au 11.5 au zaidi, hasa ikiwa na uwezo wa kuishikilia pH hiyo inapochanganywa na maji, kwa kawaida huhesabiwa moja kwa moja kuwa ni yenye kuleta madhara makubwa machoni, na hakuna haja ya kuijaribu zaidi. Ni hatua ya dakika tano, lakini nimeona maabara ikitumia siku nzima kujaribu kisafishia mabomba ambacho karatasi ya pH ingekwisha kukihukumu.

Jiulize pia unatarajia jibu gani. Mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha kemikali, GHS, una ngazi tatu za kuzingatia hapa: Kundi la 1 ni madhara makubwa, yale yasiyoponyeka au yasiyopona kikamilifu ndani ya siku 21, Kundi la 2 ni muwasho unaopona, na kemikali isiyohitaji kuainishwa haina kundi. Jaribio la konea ya ng'ombe lina nguvu katika ncha mbili tu, yaani kutambua zilizo kali sana na kutambua zisizo na tatizo. Ukishuku kwamba kemikali ni kali, anza nalo. Ukitarajia kwamba ni salama, unaweza kuanza nalo vilevile, au ukaanza na tishu ya konea ya binadamu iliyooteshwa maabara, ambayo nitaigusia mwishoni.

Sasa twende machinjioni, maana kazi hii huharibika hapo kuliko mahali pengine popote. Zungumza mapema na msimamizi pamoja na mkaguzi wa nyama, na uchukue macho ya ng'ombe waliopitishwa kuwa wazima tu, kwa ajili ya usalama wako na wa majibu yako. Ng'ombe wanaofaa ni wa kati ya miezi 12 na 60. Waliozidi miezi 60 hawapendekezwi, na ndama wa chini ya miezi 6 hawapendekezwi pia, kwa sababu upana na unene wa konea hubadilika kadiri umri unavyosogea. Konea yenye kipenyo cha mlalo kinachozidi milimita 30.5 na unene wa katikati wa mikromita 1100 au zaidi kwa kawaida ni ya ng'ombe mzee wa zaidi ya miaka 8. Viwango hivi vimejengwa juu ya ng'ombe wa mataifa yaliyoandaa mwongozo. Anayetaka kutumia zebu wetu wa Afrika Mashariki, ambao ni wadogo wa umbo, ninamshauri apime vipenyo vya konea nyingi na kuziandika kabla ya kuanza jaribio lolote, ili ajue konea zake zinakaaje kwenye vishikizi vilivyotengenezwa kwa ng'ombe wakubwa.

Jicho litolewe mapema iwezekanavyo baada ya mnyama kufa. Mwombe anayechuna asiloshe kichwa kwa sabuni wala dawa ya kusafishia, kwa kuwa sabuni hiyo itakuwa imekwisha kufanya jaribio lake kabla yako. Kata misuli inayolizunguka jicho bila kukwaruza sehemu ya mbele, kisha litumbukize lote katika chombo chenye maji ya chumvi ya Hanks, yaliyotiwa penisilini yuniti 100 na streptomaisini mikrogramu 100 kwa kila mililita ili bakteria wasistawi njiani. Usiyabananishe macho yakasuguana. Chombo kikae juu ya barafu inayoyeyuka, lakini barafu iguse chombo, isiguse jicho. Niliwahi kupokea macho yaliyorundikwa moja kwa moja kwenye barafu ya friza: yote yalifika na doa jeupe katikati, kama tui lililogandia kwenye glasi, na kazi ya siku nzima ikaishia pale mlangoni. Jitahidi kuyatumia siku hiyohiyo, na kwa vyovyote yasizidi saa 24 tangu yalipokusanywa.

Ukifika maabara, chukua jicho mojamoja ulielekeze kwenye taa. Konea nzuri ni angavu kiasi kwamba unaona mboni na michirizi ya irisi nyuma yake bila kukodoa. Ligeuze polepole, mwanga uteleze juu yake. Mkwaruzo huonekana kama unywele uliolala juu ya kioo, na hapo ndipo mwanafunzi hujifunza kutumia macho yake mwenyewe kabla ya mashine. Tupa jicho lenye mkwaruzo, ukungu, au mishipa midogo ya damu iliyoota kuelekea katikati. Usilionee huruma, kwa sababu konea mbovu moja kati ya tatu itakulazimisha kurudia yote.

Jicho lililofaulu likatwe konea yake kwa kisu cha upasuaji na mkasi, ukiacha ukingo wa weupe wa jicho wenye upana wa milimita 2 hadi 3 kuizunguka. Shika ukingo huo tu kwa kibano. Upande wa ndani wa konea una safu moja ya seli zinazoitwa endothelia, na kazi ya seli hizo ni kuyatoa maji ndani ya konea ili ibaki angavu. Ukizigusa, konea itavimba na kuleta ukungu ambao kemikali yako haikuuleta. Ilaze konea kwenye kishikizi, upande wa ndani ukielekea pete ya mpira ya chemba ya nyuma, kisha funika na chemba ya mbele na ukaze skrubu. Chemba zote mbili zijazwe kimiminika cha kulelea seli kiitwacho EMEM, kisicho na rangi ya fenoli nyekundu, kilichopashwa moto tayari. Anza na chemba ya nyuma. Mpangilio huu una sababu yake, kwani kimiminika cha nyuma huisukuma konea irudi kwenye mbinuko wake wa asili, na ukianza na ya mbele itabonyea kuelekea ndani na kupata mikunjo. Hakikisha hakuna kiputo cha hewa kilichobaki. Weka vishikizi katika inkubeta au bafu la maji lenye nyuzijoto 32, isipishane zaidi ya nyuzijoto 1, kwa muda usiopungua saa moja.

Saa hiyo ikitimia, badilisha kimiminika na upime ukungu wa mwanzo wa kila konea kwa kipima ukungu, ambacho hulinganisha mwanga unaopita katika konea na ule unaopita pembeni. Konea iliyozidi yuniti 7 za ukungu kwenye kifaa cha kawaida iondolewe. Zilizobaki zigawe bila upendeleo katika makundi ya angalau konea 3: kundi la kemikali inayopimwa, kundi la kidhibiti hasi, yaani kitu kinachojulikana hakidhuru, la maji ya chumvi ya asilimia 0.9 au maji yaliyokenekwa, na kundi la kidhibiti chanya, yaani kitu kinachojulikana kudhuru. Kwa vimiminika, ethanoli au dimethilifomamaidi hutumika kuwa kidhibiti chanya. Kwa vitu vigumu hutumika imidazoli ya asilimia 20.

Namna ya kutia kemikali hutegemea hali yake. Kimiminika kisicho cha jamii ya sabuni hutiwa kama kilivyo, bila kuongezwa maji, mikrolita 750 kwenye chemba ya mbele, na hukaa dakika 10. Kemikali ngumu za jamii ya sabuni, yaani zile zinazopunguza mvutano wa maji, huyeyushwa kwanza kuwa asilimia 10 na kukaa dakika 10 vilevile. Vitu vigumu visivyo vya jamii hiyo hufanywa mchanganyiko wa asilimia 20 katika maji ya chumvi au maji yaliyokenekwa, navyo hukaa saa 4 kwa kuwa huchukua muda kupenya. Kishikizi kilazwe konea ikiangalia juu, na ukizungushe kidogo ili kemikali itandazike sawasawa. Kwa kitu kizito kama asali au jeli, ondoa dirisha la kioo la mbele na ukimimine moja kwa moja juu ya konea, la sivyo bomba la sindano litaacha nusu yake njiani.

Kuosha ndiko kunakohitaji subira. Ondoa kemikali na uoshe kwa EMEM yenye fenoli nyekundu, si chini ya mara tatu, ukiangalia rangi. Rangi hiyo ikiwa ya manjano, bado kuna asidi kwenye chemba. Ikiwa ya zambarau, bado kuna alkali. Endelea mpaka kimiminika kinachotoka kiwe na wekundu uleule ulioingia nao na hakuna chembe inayoonekana, kisha suuza kwa mara ya mwisho kwa EMEM isiyo na rangi. Ukisimama mapema, muda wako wa mgusano hautakuwa tena dakika 10. Utakuwa muda usiojulikana, na jaribio lisilojulikana muda wake haliwezi kulinganishwa na lolote.

Baada ya kuosha, konea za vimiminika na za jamii ya sabuni hurudi kwenye nyuzijoto 32 kwa saa 2 zaidi, kisha hupimwa ukungu. Zile za vitu vigumu hupimwa mara tu baada ya kuoshwa. Toa ukungu wa mwanzo katika ule wa mwisho, halafu toa wastani wa mabadiliko ya kidhibiti hasi. Usitegemee mashine peke yake. Iangalie kila konea na uandike ulichokiona, kama vile ngozi ya juu iliyobambuka, mabaki ya kemikali, au ukungu uliokusanyika upande mmoja. Maelezo hayo mara nyingi hueleza kwa nini konea moja imetofautiana na wenzake.

Kipimo cha pili ni upenyezaji. Safu ya nje ya konea, epithelia, ikiwa nzima huzuia vitu kupita, ikiharibika huvuja. Ondoa kimiminika cha chemba ya mbele na utie mililita 1 ya rangi iitwayo floresini ya sodiamu, yenye miligramu 4 kwa mililita kwa vimiminika na jamii ya sabuni, au miligramu 5 kwa vitu vigumu. Chemba ya nyuma iwe na EMEM mpya. Laza kishikizi kwenye nyuzijoto 32 kwa dakika 90, ukiruhusu dakika 5 za ziada au pungufu, si zaidi. Kisha vuta kimiminika cha chemba ya nyuma. Kwa konea ya kidhibiti hasi kitatoka karibu cheupe. Kwa konea iliyoungua utaona kijanikibichi kinachong'aa kikipanda ndani ya bomba la sindano, na utajua jibu kabla hujafika kwenye spektrofotomita. Pima ufyonzwaji wa mwanga katika nanomita 490, na sampuli iliyozidi uwezo wa mashine kusoma kwa usahihi izimuliwe na kupimwa upya, kisha uzidishe kwa kiwango ulichozimulia.

Hesabu yenyewe ni fupi. Alama ya konea ni ukungu uliorekebishwa ukijumlishwa na mara 15 ya upenyezaji, yaani ule ufyonzwaji wa mwanga uliopimwa. Tuchukue mfano wa kujifunzia, ambao ndani yake konea tatu zimetoa ukungu wa 18.0, 21.5 na 19.5, na upenyezaji wa 1.10, 1.42 na 1.26. Konea ya kwanza ina 18.0 kujumlisha 16.5, yaani 34.5, ya pili 42.8, ya tatu 38.4. Wastani ni 38.6.

Je, namba hiyo inasema nini? Alama ya 3 au chini yake inamaanisha kemikali haihitaji kuainishwa. Alama inayozidi 55 inamaanisha Kundi la 1. Yote yaliyo katikati, pamoja na 38.6 yetu, maana yake ni kwamba jaribio hili peke yake haliwezi kutoa hukumu. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu nimesoma ripoti zilizoandika Kundi la 2 kwa kila namba ya katikati, kana kwamba ni ngazi ya pili ya kipimo. Si hivyo. Ndani ya eneo hilo kuna kemikali zinazowasha kidogo, zinazowasha sana, na hata baadhi zinazoharibu jicho kabisa, kwa kuwa konea iliyokatwa haiwezi kutuonyesha kama jeraha lingepona au la, wala haionyeshi yanayotokea kwenye irisi na utando unaofunika weupe wa jicho. Mfanyakazi atakayemimina kemikali hiyo ataamini lebo tuliyoiandika. Atavaa miwani ya kujikinga au ataiacha kwa kufuata neno letu. Ikiwa hatujui, tuandike kwamba bado hatujui, na tuendelee na jaribio linalofuata.

Vifaa navyo vina masharti yake. Viwango vya 3 na 55 ni vya kipima ukungu cha kawaida. Vipima vipya vinavyotumia mwanga wa leza vina kipimo chao na mipaka yao, na si sahihi kuhamisha namba za kimoja kwenda kwa kingine. Vilevile alkoholi na ketoni zina tabia ya kutoa alama kubwa kuliko ukali wake halisi, kwa hiyo jibu la Kundi la 1 kwa kemikali ya jamii hizo lichunguzwe kwa makini zaidi.

Jaribio linakubalika tu ikiwa kidhibiti chanya kimetoa alama iliyo ndani ya mikengeuko sanifu 2 (kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika) ya wastani wa kihistoria wa maabara yako, na kidhibiti hasi kimebaki chini ya kikomo kilichowekwa na historia hiyohiyo. Maabara changa haina historia. Ijijengee kwa kurudia vidhibiti tena na tena kabla ya kupokea sampuli ya mteja. Konea 2 kati ya 3 zikitoa hukumu tofauti na ile ya wastani, fikiria kurudia jaribio kwa konea mpya.

Kwa kemikali iliyobaki katikati, hatua inayofuata kwa kawaida ni tishu ya konea iliyojengwa kwa seli za binadamu, iliyoingizwa katika Mwongozo Namba 492 mwaka 2015. Kwa tishu ya EpiOcular, mojawapo ya tishu hizo, mikrolita 50 za kimiminika hukaa dakika 30, au miligramu 50 za kitu kigumu hukaa saa 6, kisha uhai wa seli hupimwa kwa MTT, rangi ambayo seli hai huibadilisha. Uhai unaozidi asilimia 60 unamaanisha kemikali haihitaji kuainishwa; ukiwa asilimia 60 au chini, hapo pia hukumu haijapatikana. Angalia mapema kama kemikali yako ina rangi kali au inaibadilisha MTT bila msaada wa seli, maana zote mbili hudanganya mashine. Mwaka 2022 OECD ilitoa Mwongozo Namba 467, unaoeleza jinsi ya kuunganisha majibu ya majaribio ya namna hii na tabia za kifizikia za kemikali ili kufikia uainishaji kamili bila sungura. Wenye vimiminika wausome kwanza kabla ya kupanga bajeti.

Konea ukimaliza kuzipima usizitupe mara moja. Zitumbukize kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa pH na uzihifadhi mpaka ripoti ikubaliwe, kwa sababu pakitokea utata, mtaalamu wa tishu anaweza kuzikata vipande vyembamba na kuona kama jeraha liliishia kwenye epithelia au lilishuka hadi kwenye stroma, yaani tabaka nene la katikati. Mabaki ya macho yachomwe pamoja na taka za tishu, na maji ya kuoshea yawekwe kwenye pipa la taka za kemikali. Katika ripoti yako andika alama ya kila konea peke yake pamoja na umri wa ng'ombe, saa jicho lilipotolewa na saa lilipotumika, ili mtu wa maabara nyingine aweze kuirudia hesabu yote bila kukupigia simu.